Maswali ya Wasomaji: Rangi, Ufumaji na Chapa Chuo Kikiwa Kimefungwa

Vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, barua nyingi tulizopokea zilitoka kwa wanafunzi wa usanifu wa vitambaa waliorudi nyumbani Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru. Mitambo ya kufuma na meza za kuchapia zilibaki nyuma ya kufuli, lakini kazi za muhula bado zilidaiwa. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatafaa wengi. Kabla ya kujaribu lolote, pima kitambaa kikiwa kikavu na uandike uzito wake. Vipimo vya rangi vilivyo hapa ni vya gramu 100 za kitambaa kikavu. Kikiwa gramu 50, tumia nusu. Kama huna mizani, muuza duka atakupimia, na kijiko cha chai kilichosawazishwa cha shabu ya unga (chumvi ya kushikisha rangi) ni karibu gramu 5.

Natakiwa kuwasilisha rangi sita kwenye pamba. Nilichemsha maganda ya vitunguu pamoja na shuka jeupe kuukuu, ikatoka dhahabu ya kupendeza. Nilipofua mara moja tu, ikabaki hafifu, karibu nyeupe. Tatizo ni nini? — Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Ahero

Anza na shuka lenyewe. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uchome kila mmoja peke yake. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Mashuka mengi ya bei nafuu ni mchanganyiko, na katika mchanganyiko ni ile sehemu ya pamba tu inayoshika rangi. Hapo hata ufanye kila kitu sawasawa utapata rangi iliyofifia.

Kama ni pamba tupu, basi kuna hatua mbili zilizorukwa. Ya kwanza ni kukisafisha kitambaa hadi ndani. Pamba ina nta yake ya asili, tena kiwandani hupakwa wanga, na vyote viwili huzuia rangi kuingia. Chemsha kwa moto mdogo kwa saa moja katika lita 4 za maji yenye gramu 5 za soda ya kufulia na sabuni kidogo. Magadi ya dukani yanafaa pia: tumia gramu 10, yayeyushe kwanza, acha mchanga utuame, kisha mimina maji safi ya juu. Usifanye hivi kwenye sufuria ya alumini, kwa maana magadi huila na kitambaa hupata madoa meusi. Tafuta sufuria ya chuma cha pua au ya enameli, na ikishatumika kwa rangi isirudi jikoni.

Hatua ya pili ndiyo iliyokuponza. Rangi ya vitunguu haishikani na pamba yenyewe. Inahitaji shabu katikati. Na shabu nayo, tofauti na inavyofanya kwenye sufu, haishiki pamba vizuri bila tanini, ile dutu ya mimea yenye ukakasi. Tanini iliyo karibu nawe ni majani ya chai. Chemsha gramu 20, chuja, loweka kitambaa usiku kucha, kisha kikamue bila kukisuuza sana. Yeyusha gramu 15 za shabu katika maji ya moto, ongeza gramu 2 za soda polepole (itatoa povu, kwa hiyo chombo kisijae), halafu ongeza maji hadi kitambaa kielee kwa uhuru. Kiache humo usiku mwingine, maji yakiwa ya moto mwanzoni kiasi cha mkono kushindwa kuvumilia.

Sasa ndipo vitunguu vinaingia. Unahitaji gramu 50 hadi 100 za maganda makavu, ambazo ni mfuko mkubwa hasa. Wauza mboga wa soko la Kibuye, Kisumu, au hapo Ahero huyatupa kila jioni, waombe. Chemsha saa moja, chuja, acha yapoe, tia kitambaa, kisha pandisha moto polepole. Kikae saa moja chini ya kiwango cha kutokota na kipoe humo humo. Ukitia kitambaa kwenye maji yanayotokota, rangi hukimbilia sehemu iliyogusa kwanza na kuacha mabaka.

Rangi sita hazihitaji mimea sita. Gawanya kitambaa vipande sita: kimoja shabu na vitunguu bila chai, cha pili chai, shabu na vitunguu, cha tatu kama cha pili kisha maji ya chuma, cha nne chai na maji ya chuma tu, upate kijivu, cha tano chai na shabu peke yake, cha sita kama cha pili, lakini kitiwe katika maji ya vitunguu yaliyokwisha kutumika, upate njano nyepesi. Mkusanyiko huu hupatana wenyewe kwa sababu vipande vyake vina asili moja, na kwa maoni yetu unapendeza kuliko rangi sita zilizookotwa huku na huku. Maji ya chuma ni konzi ya misumari yenye kutu, siki sehemu moja na maji sehemu mbili, kwa wiki moja au mbili katika chupa isiyofungwa kabisa kwa sababu hutoa gesi. Vijiko viwili vya chakula katika lita 4 vinatosha, na dakika tano zinatosha. Chuma kikizidi huidhoofisha pamba; baada ya miezi michache kitambaa huchanika kama karatasi.

Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya kisima yenye chuma hugeuza njano kuwa rangi ya udongo, nawe utabaki ukilaumu vitunguu. Na tafadhali usiwasilishe kazi ya manjano ya jikoni wala ya bitiruti: ya kwanza jua huila haraka, ya pili huenda na maji.

Nimerudi kijijini na sina mtambo wa kufuma. Mhadhiri anataka vipande vinne vya sentimita 20 kwa 20. Nitengeneze mtambo wa namna gani? — Mwanafunzi, Mumias

Fremu ya mbao inatosha kabisa. Nafasi ya ndani iwe upana wa sentimita 35 na urefu wa 45. Usiifanye fupi zaidi, kwa kuwa sentimita 8 hivi za mwisho hazifumiki: nyuzi za mtande (za urefu) hukaza mno na njia ya kupitishia mshindio (uzi wa upana) hujifunga. Pembe zishikwe kwa vipande vya mbao vya pembetatu, la sivyo mvuto wa nyuzi utaipinda fremu na utafuma msambamba badala ya mraba.

Pigilia misumari ya inchi moja kila sentimita moja, juu na chini, kwa upana wa sentimita 25. Ipange kwa kupishana, mmoja mbele mmoja nyuma, ili isiangukie mshipa mmoja wa mbao na kuipasua. Ukizungusha uzi kutoka msumari hadi msumari utapata nyuzi mbili kwa kila sentimita, zinazofaa mshindio mnene. Ukitaka kitambaa chembamba, ongeza safu nyingine ya misumari katikati ya nafasi, upate nne.

Kwa mtande tumia uzi wa pamba uliosokotwa, usiokatika ukiuvuta kwa nguvu. Uzi wa nailoni wa nyavu, unaopatikana kwa urahisi kando ya ziwa, ni imara lakini huteleza, na kitambaa hulegea pembezoni kikitolewa kwenye fremu. Katani ina manyoya. Kwenye mtande nyuzi zake hushikana, ila kama mshindio ni nzuri sana. Usinunue nguo za kukata: fulana kuukuu za nyumbani zinatosha. Kata kwa mzunguko ukanda mmoja mrefu wa sentimita 2, kisha uvute. Kingo zitajikunja zenyewe na ukanda utakuwa kama kamba. Walio karibu na Kisumu wanaweza kujaribu mabua ya gugumaji, yakiwa yamekauka kabisa, maana yaliyo na unyevu huota ukungu ndani ya kitambaa. Kabla ya kufuma yapitishie kitambaa chenye maji ili yasivunjike.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kitambaa kubanwa katikati: kinaanza na sentimita 20 na kufika 16. Hutokea kwa kuvuta mshindio ukiwa umenyooka. Ulaze kwa mwinuko, uwe juu zaidi katikati, ndipo uusukume chini kwa kitana au uma. Mtande ukianza kulegea, chomeka kijiti chini ya nyuzi kwenye upande wa misumari.

Anza na upana wa sentimita 22, kwa sababu kitambaa hupungua kidogo kikitolewa kwenye fremu.

Sina nta ya batiki wala fremu ya kuchapia. Kuna njia ya kuzuia rangi kwa vitu vya nyumbani? — Mwanafunzi, Busia

Ipo, na malighafi yake inamea nyumbani kwenu. Wayoruba wa Nigeria huzuia rangi ya nili kwa uji wa muhogo, na njia hiyo inafaa kwenu pia. Hakikisha tu unga ni wa muhogo mtupu. Ule wa ugali uliochanganywa na mtama au wimbi una chembe zinazoacha matundu. Chekecha kikombe kimoja, koroga katika vikombe vitatu vya maji baridi pamoja na kijiko cha chai cha shabu, pika ukikoroga hadi uwe mzito na uanze kung'aa, kisha uchuje kwa kitambaa ukiwa moto. Uji unaofaa huanguka kutoka kwenye mwiko polepole. Ukiwa mwepesi husambaa chini ya kigezo (kipande kigumu kilichotobolewa umbo la mchoro) na mstari unapotea. Ukiwa mzito mno hubanduka ukikauka.

Kata kigezo kwenye plastiki ngumu, au tia uji kwenye pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukatwa ncha, uchore moja kwa moja. Ukaushe kivulini siku moja au mbili. Jua kali huupasua, na nyufa hizo huingiza rangi. Kama unazipenda, sawa, lakini ziwe ulizozikusudia.

Uji huu huyeyuka kwenye maji ya moto, kwa hiyo rangi ya vitunguu haiwezekani hapa. Tumia kijivu cha chuma, ambacho hutokea kwenye maji baridi: loweka kwanza kitambaa kizima kwenye chai na ukikaushe, paka uji, ukikauka pitisha maji ya chuma kwa brashi haraka. Sehemu iliyo wazi hubadilika kuwa kijivu mbele ya macho yako, na mchoro unabaki rangi ya chai. Hatari iko kwenye kuosha. Ukikiloweka, chuma kilichozidi husafiri hadi kwenye mchoro na kuuchafua. Kwangua uji kwanza, kisha suuza kwa maji mengi yanayotiririka, halafu kwa maji yenye kijiko cha magadi ili kuua ile siki.

Kompyuta ziko chuoni. Nitatengenezaje mchoro unaojirudia kwa mkono? — Mwanafunzi, Njoro

Tumia kipande cha karatasi cha sentimita 16 kwa 16. Skrini za mviringo za kuchapia vitambaa viwandani kwa kawaida zina mzingo wa sentimita 64, na 16 huingia humo mara nne kamili, 20 haiingii. Chora katikati bila kugusa kingo. Kata wima katikati, badilisha nusu hizo mahali ili kingo za nje zikutane, ubandike kwa nyuma. Kata tena mlalo, fanya vivyo hivyo. Sasa nafasi tupu ziko katikati: zijaze.

Ukitaka mrudio unaoshuka nusu, ambao huficha mistari ya kuunganisha vizuri zaidi, kila safu ya jirani hushuka sentimita 8. Kwa hiyo kitu kinachotoka kwenye ukingo wa kulia kikiwa sentimita 3 kutoka juu, kiingie upande wa kushoto kwenye sentimita 11. Kinachotoka kwenye 13 kiingie kwenye 5. Weka alama hizo kwa penseli kabla ya kuchora.

Toa nakala tisa, zipange ukutani, simama mita tatu ukikunja macho kidogo. Mapengo na mistari isiyokusudiwa itajitokeza mara moja. Kwa leso hesabu ni nyingine kabisa: pindo (ukingo), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi) hupangwa kwa nguo nzima, na kazi ngumu iko kwenye pembe nne za pindo. Anza na pembe, urefu wa pindo utafuata.

Nashona barakoa kwa mabaki ya leso. Je, naweza kuziweka kwenye mkusanyiko wangu wa kazi? — Mwanafunzi, Nakuru mjini

Ndiyo, zikiwa zimesanifiwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri Juni 2020 tabaka tatu: ndani pamba inayonyonya, katikati kitambaa cha polipropilini kisichofumwa, nje kitambaa kisichonyonya maji kama poliesta au mchanganyiko wake. Leso ya pamba basi iwe ndani, au juu kwa urembo ikiwa tabaka lisilonyonya lipo. Ile mifuko iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Kenya Agosti 2017 mingi ni polipropilini hiyo. Usiipige pasi moja kwa moja, itayeyuka. Angalia pia ukubwa wa mchoro. Korosho la leso lenye sentimita 15 likikatwa kwa barakoa halitambuliki. Chagua au chora umbo la sentimita 3 au 4.

Mhadhiri anasema picha zangu hazionyeshi kitambaa. — Mwanafunzi, Kisumu

Piga karibu na dirisha asubuhi, jua lisiingie moja kwa moja, taa ya stima ikiwa imezimwa kwa sababu hugeuza rangi. Simu ilale sambamba na kitambaa. Weka rula na karatasi nyeupe pembeni: rula inaonyesha kipimo, karatasi inamwezesha mhadhiri kuona kama rangi imepotoka. Kila kipande kipate picha tatu: kizima, karibu mwanga ukitoka upande mmoja ili vinundu vionekane, na upande wa nyuma. Kwenye WhatsApp zitume kama hati, si kama picha, kwani picha hubanwa na nyuzi hupotea. Zitakula bando zaidi, kwa hiyo tuma tatu hizo tu, na jina la faili liwe na namba ile ile uliyoandika kwenye daftari la vipimo.