Kilichoitoa Harambee Stars AFCON 2019 ni ulinzi

Ndugu, wapo wanaowalaumu washambuliaji, lakini kilichoitoa timu yetu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, katika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) nchini Misri mwaka 2019 ni safu ya ulinzi kuliko ya ushambuliaji, na jedwali la timu zilizomaliza za tatu katika makundi yao, ambalo bora wake walisonga mbele, linathibitisha hivyo. Kenya na Afrika Kusini zilikuwa na alama 3 kila moja, lakini Afrika Kusini, iliyofunga bao 1 tu katika kundi lake na kufungwa 2, ilisonga mbele, ilhali sisi tuliofunga 3 tulirudi Nairobi kwa sababu tulifungwa 7, tukazidiwa kwa tofauti ya mabao. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba katika mechi ya mwisho ya kundi kipa wetu Matasi aliupangua mkwaju wa penalti wa Mané wa Senegal, tukaenda mapumziko tukiwa sare, na sare hiyo ingetuvusha. Mabao yote matatu ya Senegal yakaingia kipindi cha pili.

Hata hivyo, washambuliaji hawawezi kuachwa kabisa bila lawama, kwa kuwa mabao yetu yote, mawili ya Olunga na moja la Omolo, yalitoka katika mechi moja dhidi ya Tanzania. Na kwa upande wa ulinzi, beki Brian Mandela alikuwa ameumia kambini kabla ya mashindano, na pengo lake lilionekana wazi.