Okoye wa mwembe, na ule uso uliopasuka mbele za watu

Jumapili iliyopita nimeingia kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu, cha jamaa yangu mmoja hapa Dar, nikakuta vijana wawili wanapiga picha na kichwa nilichokichonga mimi. Sikujitambulisha. Nikanunua karanga, nikakaa benchi la nyuma, nikawa nawatazama wao badala ya filamu. Mmoja akakigusa kichwa shavuni kwa kidole, kisha akakitazama kidole chake kama kimepata poda. Moyo wangu ukajaa, sitaki kudanganya.

Usiku ule ule nakuta ujumbe wa kijana wa Moshi: "Kaka, nataka kuchonga kichwa cha staa wa filamu nikipake rangi kiwe kama mtu. Nianze na rangi gani?"

Mdogo wangu, hilo la rangi ndilo lililonivua nguo.

Miaka miwili nyuma, mwenye kibanda alinijia na picha kwenye simu. Anamtaka Okoye, jenerali wa nchi ya kubuni ya Wakanda kwenye filamu ya Black Panther ya 2018, yule aliyeigizwa na Danai Gurira. Kama filamu hiyo uliionea kibandani, unajua kelele zinazopigwa pale Busan anapovua wigi na kumrushia adui. Jamaa alitaka kichwa, shingo na mabega, ukubwa wa mtu, kikae juu ya meza ya tiketi. Akatoa advansi laki moja. Mimi nikaiona laki, mti sikuuona.

Gogo la mwembe nililipata kwa muuza kuni, akaapa kwamba limekaa miezi sita. Nikalipiga tezo, kile kishoka cha kuchongea, siku hiyo hiyo. Vibanzi vilikuwa vya baridi mkononi na vinanata, lakini nikajiambia ni utomvu tu. Siku ya tisa nimeshamaliza, nimepaka rangi ya mafuta, ile ya milango, moja kwa moja juu ya mbao. Uso uling'aa kama friji. Mwenyewe nilidhani ndiyo uzuri.

Haikutimia miezi miwili. Ufa ulianza kwenye paji, ukapita kando ya pua, ukashuka mpaka mdomoni, na sarafu ya shilingi mia mbili ilikuwa inaingia. Mtu akapiga picha akaitupa kwenye grupu la wachongaji wenzangu. Mmoja, ambaye nimewahi kumkopesha patasi, akaandika: "Hiyo ni Okoye au nazi?" Watu arobaini na kitu wakacheka. Nilirudisha laki ya mwenyewe, nikakibeba kichwa kwenye kiroba nyuma ya bodaboda. Ile patasi mpaka leo hajarudisha.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: kausha mti. Gogo bichi linakauka nje kwanza, ndani bado lina maji. Nje linasinyaa, ndani linakataa, basi panapasuka. Mara ya pili nililipasua gogo nikauepuka moyo wake, nikachimba kwa chini mpaka likabaki tundu kama la kinu, nikapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye ncha ili zisikimbilie kukauka. Kisha kila Jumamosi nalipeleka dukani kwa Mangi kulipima. Lilianza na kilo 19. Mangi alinicheka, akaniuliza kama nafuga gogo au nguruwe. Mwezi wa tano tangu nianze kulipima likagota kilo 12, na wiki tatu mfululizo mshale haukusogea. Hapo ndipo nikashika tezo. Dawa ya wadudu nayo usisahau, maana mwembe unabunguliwa upesi.

Utaniuliza mbona sikutumia mpingo. Mpingo ni mgumu, ni mzito hata majini unazama, na rangi yake ndiyo thamani yake. Kuupaka rangi ni kumvisha bibi harusi gunia.

Na hapa kuna donda lingine. Kwa wachongaji wengi, kupaka rangi ni utapeli, na wana sababu: wapo wanaochonga mti mweupe, wakausugua kiwi nyeusi ya viatu, mgeni akauziwa kwamba ni mpingo. Hivyo nilipoonekana na brashi, nikaitwa fundi wa kiwi. Aliyenitoa aibu ni mjomba wangu, Mmakonde wa Newala. Alinisikiliza nikilalamika, akasema, "Wewe, hujawahi kuona lipiko?" Mapiko, vinyago vya ngoma vya Wamakonde, huchongwa kwenye mti mwepesi, mchezaji anavivaa kichwani; hupakwa rangi, vingine hubandikwa nywele za mtu kabisa, na nembo za usoni hutengenezwa kwa nta ya nyuki. Sura ya mtu, kwenye mti, kwa rangi. Wazee walikuwa nayo hiyo kazi kabla sinema haijafika Newala.

Okoye naye ana michoro kichwani, na hana unywele wa kuificha kazi mbovu. Kile cha kwanza nilikipa macho juu mno, utosi ukawa kama sahani. Macho yanakaa katikati, kati ya utosi na kidevu. Pima kwa kamba, usiyaamini macho yako mwenyewe. Michoro nilijaribu nta ya mjomba, rangi ikaikataa, ikachubuka yote. Nikaishia kuichimba kwa ncha ya patasi nyembamba, kina cha unene wa kucha, halafu nikaijaza rangi nyeusi na kufuta juu kwa kitambaa. Kazi ya siku nne na mgongo.

Rangi sasa. Praima, yaani rangi ya kutangulizia, mikono miwili, msasa katikati, kisha rangi ya maji nyepesi, tabaka juu ya tabaka. Ngozi yetu haipatikani kwenye kopo la kahawia. Nilichanganya kahawia, nyekundu kidogo, njano, na vivulini bluu iliyoiva, nyeusi sikuigusa. Weupe wa jicho usiwe weupe wa chaki. Pete za shingoni mwa Okoye, za dhahabu, zilikaa baada ya kutanguliza rangi ya matofali chini yake. Juu, vanishi isiyong'aa. Lakini haya yote ni bure kama mti haujakauka.

Vijana mnapenda picha ya mwisho. Mnataka kuchonga leo, kupaka kesho, kuposti keshokutwa, kisha mnailaumu rangi. Nawaambia kama aliyechekwa: kausheni mti! Usimpokee mteja mwenye haraka, na ukimpokea, usipokee hela yake.

Kile kichwa cha nazi kipo sebuleni kwangu. Mke wangu anachomeka bili ya umeme kwenye ufa.

Mwenye kibanda sasa anamtaka T'Challa, mfalme wa Wakanda. Gogo lake liko uani, nimeliandika tarehe kwa chaki, juzi lilikuwa kilo 17. Wiki hii amenipigia mara tatu, sijapokea.