Jozi zisizojirudia kwenye SQL: DISTINCT peke yake haitoshi

Mleta mada, umesema una jedwali la vifurushi vinavyosafirishwa kwa mabasi ya mikoani. Kila mstari una kolamu ya kutoka na kolamu ya kwenda, nawe unataka orodha ya njia zote bila kujirudia, Dar–Mwanza na Mwanza–Dar zihesabiwe njia moja. Umeandika kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, SELECT DISTINCT(kutoka), kwenda (DISTINCT huondoa mistari inayojirudia) na Dar bado inatokea mara nyingi. Data ya mizigo ya mabasi nimeishughulikia miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Kwanza hayo mabano: yaondoe. DISTINCT haishiki kolamu iliyo karibu nayo, inaangalia mstari mzima wa matokeo uliyoomba. "Dar, Mwanza" na "Dar, Arusha" ni mistari miwili tofauti, basi Dar kuonekana mara mbili hapo ni sahihi kabisa. Na ukiongeza kolamu ya tarehe kwenye SELECT, mistari itaongezeka tena, kwa sababu sasa kinacholinganishwa ni vitu vitatu kwa pamoja.

Tatizo lako la kweli ni mwelekeo. Hifadhidata haina namna ya kujua kwamba kwenda na kurudi kwako ni kitu kimoja, lazima uiambie. Njia ninayoiamini ni kupanga majina mawili ya kila mstari kabla ya kulinganisha:

SELECT
  LEAST(kutoka, kwenda) AS mji_a,
  GREATEST(kutoka, kwenda) AS mji_b,
  COUNT(*) AS idadi
FROM vifurushi
WHERE kutoka IS NOT NULL AND kwenda IS NOT NULL
GROUP BY LEAST(kutoka, kwenda), GREATEST(kutoka, kwenda);

LEAST inachukua jina linalotangulia kwa alfabeti, GREATEST linalofuata. Kifurushi kiwe kimetoka Dar au Mwanza, mstari unatoka "Dar, Mwanza". Nimeweka GROUP BY, inayokusanya mistari inayofanana kundi moja, badala ya DISTINCT kwa sababu najua swali litakalofuata ofisini: njia hii ina mizigo mingapi? Kama huhitaji idadi, DISTINCT juu ya hizo kolamu mbili inatosha. Kueri hii, yaani agizo hili la SQL, inakubali kwenye programu za hifadhidata za MySQL, PostgreSQL na Oracle. SQL Server ilipata LEAST na GREATEST kwenye toleo la 2022, chini ya hapo tumia CASE, yaani masharti ya "ikiwa hivi, basi vile". SQLite tumia min() na max() zenye vitu viwili ndani.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka sana, wa kuweka WHERE kutoka < kwenda ili kubakisha upande mmoja. Tafadhali usiufuate. Unafaa tu pale ambapo kila njia ina mistari ya pande zote mbili. Kama kuna mizigo ya Mwanza kwenda Dar na hakuna hata mmoja wa Dar kwenda Mwanza, njia nzima inafutika kwenye ripoti, tena kimyakimya, bila kosa lolote kutokea kwenye skrini. Mizigo ya mikoani ndivyo ilivyo: samaki wanatoka kanda ya ziwa, na si lazima kitu kirudi kwa basi lile lile.

Ile WHERE ya NULL (sehemu isiyojazwa kitu) niliyoweka nayo usiitoe. Kwenye MySQL na Oracle, LEAST ikikuta NULL moja inarudisha NULL. PostgreSQL inairuka hiyo NULL na kuchukua kilichobaki, kwa hiyo kifurushi kilichotoka Dar na karani hakujaza kinakokwenda kitakupa njia ya "Dar, Dar". Ukiona mji umeunganishwa na wenyewe, anzia kuchunguza hapo.

Ukitaka idadi ya njia tu, MySQL inaruhusu COUNT(DISTINCT a, b), a na b zikiwa kolamu zako mbili, lakini huacha jozi yenye NULL. PostgreSQL inataka mabano mawili, COUNT(DISTINCT (a, b)), na SQL Server inakataa kabisa. Mimi huandika SELECT DISTINCT ndani ya kueri ndogo kisha nahesabu kwa COUNT(*) nje, inakubali kote. Usiunganishe kolamu kuwa neno moja kwa CONCAT bila kitenganishi: ofisi 1 na 23, na ofisi 12 na 3, zote zinakuwa "123".

Sasa sehemu itakayokula muda wako, nayo haimo kwenye kueri. "Dar", "DSM", "Dar es salaam" na "Dar es Salaam " yenye nafasi mwishoni, hizo kwa PostgreSQL ni miji minne. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini DSM na Dar haitaziunganisha kamwe. TRIM (hukata nafasi za pembeni) na LOWER (hugeuza herufi zote kuwa ndogo) husaidia kidogo tu. Dawa ni jedwali la vituo, kila kituo na namba yake, na vifurushi vihifadhi namba badala ya jina lililochapwa kwa mkono. Anza na hilo hata kama bosi anadai ripoti leo, maana ripoti ya leo itakuwa na uongo.

Ukishakuwa na namba, tengeneza jedwali la njia na ulifunge lisipokee jozi ileile kwa upande wa pili. Kwenye PostgreSQL:

CREATE UNIQUE INDEX njia_moja ON njia
  (LEAST(kituo_a, kituo_b), GREATEST(kituo_a, kituo_b));

MySQL inakubali kuanzia 8.0.13, ila kila LEAST na GREATEST izungushie mabano yake. Weka pia NOT NULL kwenye kolamu zote mbili. Kama una toleo la chini ya hapo, litaje hapa tuandike kwa namna nyingine.