Ukichoka Kupika, Huenda Si Jiko Linalokuchosha

Kuna uchovu wa kupika ambao hauponi kwa kulala. Unaamka Jumamosi umepumzika vizuri, nyumba imetulia, hakuna anayekukimbiza, na bado ukiitazama sufuria unajihisi kama mtu aliyebishiwa hodi na mdai. Mimi ulininyemelea polepole. Kwanza niliacha kutia dhania. Halafu nikaacha kungoja vitunguu vigeuke rangi. Nikawa natumbukiza kila kitu kwa pamoja, mafuta, nyanya, kitunguu, nafunika, naondoka. Mwishowe ikawa ugali, sukuma na mayai, kesho yake mayai, sukuma na ugali. Watoto hawakulalamika, na hapo ndipo niliposhtuka. Walikuwa wameshazoea.

Wenzangu kazini kila mmoja alikuwa na dawa yake. Tafuta mapishi mapya mtandaoni. Nunua kikaango kisichogandisha. Jaribu pasta. Nilijaribu, na maoni yangu ni kwamba mapishi mapya yanamfaa mtu anayependa kupika ila amekinai chakula kilekile. Aliyechoka kupika kwenyewe, ukimpa orodha ya viungo vya ukurasa mzima, nusu yake havipo hata kwenye supamaketi za hapa Kisumu, umemwongezea kazi tu.

Nilikuja kugundua kwamba kukata, kuosha na kusonga havikunichosha hata siku moja. Mikono inajua kazi yake. Kilichonimaliza ni kuamua. Unashuka kwenye matatu pale Kondele saa kumi na mbili jioni, joto bado halijapungua, kichwani mna mambo ya kazini, na ni wakati huohuo unapaswa kukumbuka unga umebaki kiasi gani, gesi itafika mwisho wa wiki au haifiki, na nani siku hizi amesusa maharagwe. Ukifika mlangoni unapokelewa na swali: "Mama, leo tunakula nini?" Kila siku, mwaka mzima, swali moja na wa kulijibu ni mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiache uamuzi ufike jioni. Sisemi uandike ratiba ya wiki ubandike kwenye friji. Hiyo nayo niliifanya, ikanifunga mikono. Ratiba inasema Jumatano ni samaki, nawe sokoni unakuta samaki siku hiyo bei haishikiki. Kilichonifaa ni kuliachia soko liniamulie. Nauliza kimoja tu: leo kuna nini kizuri na cha bei nafuu? Nikishakinunua, chakula cha jioni kimejulikana.

Ukikaa karibu na Ziwa Victoria kama sisi, jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Chukua omena, wale dagaa wa ziwani. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, omena wakaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa haiwavuti tena, kwa hiyo wanaoletwa ufukweni ni wachache. Mama ninayemnunulia huniambia kabla sijauliza: "Kastoma, mwezi umetoka, wiki hii tuvumiliane." Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Kenya ili wazaane, na wanaopatikana wakati huo huwa ghali. Nilipoanza kufuata mambo haya, jikoni mwangu kukaingia mabadiliko ambayo sikuyapanga. Kuna wiki za omena na kuna wiki za mboga tupu. Kuna siku mtu anapitia mtaa wa Obunga anarudi na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, yaani sangara, inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, imekaangwa ikakauka vizuri. Jumapili soko la Kibuye limejaa kuliko siku zote, na hapo nanunua nyanya na vitunguu vya wiki nzima nisivirudie tena.

Ushauri wa pili: chagua chakula kimoja ukipike vizuri, hivyo vingine vipite tu. Hamu hairudi kwa kujilazimisha kupika vyote kwa ustadi. Mimi nilianza na omena kwa sababu ndio chakula nilichokuwa nikikiharibu zaidi kwa haraka zangu. Kwanza unawachambua kwenye sinia, unatoa nyasi na vijiti. Unawamwagia maji ya moto kwenye beseni, unawakoroga taratibu kwa mkono, kisha unawainua kwa viganja bila kumwaga maji, maana mchanga umetulia chini na ukimwaga utaurudisha juu yao. Unarudia mpaka kitako cha beseni kiwe safi. Halafu unawatia kwenye sufuria kavu, bila tone la mafuta, moto mdogo, mpaka uwasikie wanagongana kama vibanzi. Hapo ndipo mafuta yanaingia, kisha vitunguu, kisha nyanya nyingi kuliko unavyodhani. Usikoroge ovyo, watavunjika vichwa. Mwishoni kamulia limau. Siku niliyowapika hivyo bila haraka, kijana wangu aliomba kuongezewa ugali. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Mboga za kienyeji zilinifundisha kitu kingine, kwamba si lazima kila jioni uanze na sufuria tupu. Dek, ile wengine wanayoiita saga, haitaki kuliwa siku inapochumwa. Unaichemsha, unamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, unatia maziwa, unaiacha usiku. Kesho unaipasha na maziwa kidogo tena. Siku ya tatu uchungu umelainika na ndipo inapokuwa tamu hasa. Mama mkwe wangu hushangaa wanaosema mboga hizi zina kazi nyingi. Kwake kazi ni ya siku moja, siku nyingine ni kupasha tu. Osuga, yaani mnavu, nayo napenda kuipika namna hiyohiyo, sufuria moja kubwa.

Na nunua kilichoshughulikiwa tayari bila aibu yoyote. Karibu kila mtaa hapa kuna mama anayechemsha githeri na maharagwe kwenye sufuria kubwa juu ya makaa na kupima kwa kikombe. Wewe ukaange tu kitunguu nyumbani. Mama mboga atakukatia sukuma huku mnapiga soga. Chapati za kibandani ni chapati. Kuna watu wanaona hivyo ni uvivu, na wengi wao nimegundua hawajapika wao wenyewe siku nyingi.

Joto nalo lisidharauliwe. Januari mpaka Machi jiko dogo la nyumba za kupanga huku kwetu halikaliki jioni. Mimi kila kinachohitaji moto mrefu nakipika alfajiri, na kukatakata nakufanyia nje barazani. Jambo dogo, lakini nusu ya chuki yangu kwa jiko ilikuwa ni jasho.

Niseme na hili haraka: kama hata chakula ulichopikiwa na mtu mwingine hakipiti kooni, usingizi umepotea, na mambo mengine uliyoyapenda hayakusisimui tena, basi omena na dek si jibu. Mwone daktari au mhudumu wa afya, usijitibu kwa mwiko.

La mwisho, na ndilo lililochelewa zaidi kwangu kwa sababu lilihitaji kusemwa kwa sauti mezani: toa siku moja isiwe yako kabisa. Si ya kusaidiwa kumenya vitunguu. Isiwe yako. Kwetu ni Ijumaa, na ni ya mume wangu. Ananunua yeye, anaamua yeye, anaosha sufuria yeye. Ugali wake una madonge na samaki wake mara nyingi chumvi imezidi, na hatumsahihishi, maana ukianza kumsahihisha atakurudishia mwiko kabla ya mwezi kuisha. Ijumaa za mwanzo alikuwa akiniita kutoka jikoni kila baada ya dakika chache: mafuta yako wapi, magadi yako wapi, hii inatosha? Nilikuwa nikimjibu bila kuinuka kwenye kochi: "Baba watoto, viko palepale vilipokuwa Ijumaa iliyopita."