Utando mweupe mdomoni: kabla hujajihukumu, angalia na pampu yako ya pumu

Niliuona asubuhi nikipiga mswaki: madoa meupe juu ya ulimi na ndani ya mashavu, kama maziwa yaliyoganda. Nikayasugua. Yakabanduka, chini pakabaki pekundu, panavuja damu kidogo. Chai ya moto ikawa mateso, na chakula hakikuwa na ladha tena.

Wiki mbili sikumwambia mtu. Mtaani kwetu ukisema una fangasi mdomoni, watu wameshakumalizia hukumu kwamba una VVU. Dada yangu aliponiona nasubiri uji upoe kabisa ndipo ninywe, alinishika mkono hadi kituo cha afya. Nikapimwa VVU, majibu yakawa hasi. Nawe pima, nakuomba, kwa sababu kweli kinga ya mwili ikishuka fangasi hawa hujitokeza, na anayejua mapema huanza dawa mapema. Ila usiishie hapo. Tabibu aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Kila siku unatumia dawa gani?"

Nina pumu. Pampu ya bluu ni ya kifua kinapobana. Ya kahawia, yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa), navuta asubuhi na jioni ili kisibane. Kwa miezi minne nilikuwa navuta, nafunika, nalala. Aliyenipa hakunieleza kwamba sehemu ya dawa hiyo hubaki mdomoni na kooni, ikadhoofisha kinga ya pale pale. Kandida, fangasi anayeishi kimya vinywani mwa watu wengi wenye afya njema, hapo ndipo anapopata nafasi ya kuzaana. Iliniuma, kwa kuwa kinga yake ni maji kikombe kimoja tu.

Nilipewa nistatini ya maji, dawa ya fangasi, mililita 1 mara 4 kwa siku baada ya kula. Unaizungusha mdomoni muda mrefu kadiri unavyoweza, kisha huli wala hunywi kitu kwa muda. Siku ya tatu nilipata nafuu nikataka kuacha. Dada akakataa, na alikuwa sahihi: inaendelea hadi siku 2 baada ya utando kwisha. Siku hizi nikishavuta pampu nasukutua mpaka kooni, natema. Pampu yenyewe sikuiacha, nawe usithubutu kuiacha kwa sababu ya fangasi. Pumu huua.

Kama hutumii pampu, jikumbuke: umetoka kumaliza antibaiotiki? Hizo huua bakteria wanaomzuia kandida asitambae. Unakojoa sana, una kiu isiyokwisha? Pima sukari. Mama yetu, yeye ni meno ya bandia. Alikuwa analala nayo, kaakaa likawa jekundu na linawasha. Sasa anayavua usiku, anayasugua na kuyaloweka.

Kwa mtoto mchanga, tafadhali msimsugue ulimi kwa kitambaa wala kumpaka asali. Asali ni hatari kwa aliye chini ya mwaka 1. Mama anayenyonyesha naye atibiwe chuchu siku hizo hizo, la sivyo wataambukizana huku na huku.

Na ukiona kumeza kunauma, chakula kinakwama kifuani, usisubiri wiki mbili kama mimi. Huenda fangasi wameshashuka kwenye umio, yaani njia ya chakula, na huko dawa ya maji ya kuzungusha mdomoni haitoshi. Nenda leo.