Maswali ya Wasomaji: Vidole Vinakimbia, Wimbo Hauji

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kirumba na ninapiga gita katika kwaya ya kanisani kwetu. Kila jioni ninafanya mazoezi ya skeli (ngazi za sauti) za C, G na D kwa saa nzima, kupanda na kushuka, na sasa vidole vina kasi ya kuridhisha. Hata hivyo, mwalimu wa kwaya akinitaka nijaze sauti kati ya ubeti na kiitikio, ninaishia kupanda skeli na kuishuka vilevile, hadi wenzangu wananicheka. Rafiki yangu amenishauri nijifunze skeli nyingine zenye majina magumu alizoziona kwenye video. Nianze na ipi?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usianze na yoyote. Skeli ulizo nazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya nyimbo ambazo kwaya yako itaimba mwaka huu, na video hizo zitakusubiri. Umezoeza vidole kwa bidii, ila sikio hukulipa kazi. Kwa hiyo unapotakiwa kujaza nafasi, vidole vinakwenda kwenye njia pekee vinayoijua.

Chukua skeli ya C peke yake. Weka kidole cha kati kwenye freti ya 3 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo ya gita) ya uzi wa tano, ukihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba kabisa, na cha mwisho kwenye freti ya 5. Hizo ni do na re. Katika uzi wa nne piga freti ya 2, ya 3 na ya 5, yaani mi, fa na so, kisha katika uzi wa tatu piga freti ya 2, ya 4 na ya 5, yaani la, ti na do ya juu. Kwa kuwa hakuna uzi uliopigwa wazi, yaani bila kubonyezwa, umbo hilo hilo ukilisogeza freti mbili mbele linakuwa skeli ya D, na likianzia freti ya 10 linakuwa G. Kumbe skeli zako tatu ni umbo moja.

Sasa liimbe. Wewe ni mwanakwaya na solfa unaijua, kwa hiyo kila sauti unayoipiga itamke kwa jina lake huku ukiipiga, polepole kiasi cha kuweza kuisikia kabla kidole hakijagusa uzi. Halafu acha kuanzia do kila mara: anzia so ushuke hadi mi, anzia la urudi re, ruka sauti moja, simama mahali ambapo hukutarajia. Baada ya hapo chagua wimbo ambao kwaya inauimba kila Jumapili, na utafute sauti ya kwanza kwa sikio ndani ya umbo hilo bila kuangalia karatasi. Ukikosea, imba tena mstari huo kabla ya kugusa gita. Mistari miwili iliyopatikana hivyo inakufaa kuliko saa nzima ya kupanda na kushuka, na ningekushauri saa yako uipunguze iwe dakika ishirini za makini, kwa sababu baada ya hapo wengi wetu tunapiga huku tukiwaza chakula cha jioni.

Jambo la pili ni sauti mbili kwa pamoja. Gita la muziki wa dansi, tangu enzi za wapiga gita Nico Kasanda kule Kongo na Mbaraka Mwinshehe hapa kwetu, linategemea sana sauti zinazotembea wawili wawili, na hapo ndipo skeli inapogeuka kuwa muziki. Tumia uzi wa pili na wa kwanza. Do na mi ni freti ya 1 ya uzi wa pili pamoja na uzi wa kwanza ukiwa wazi. Re na fa ni freti ya 3 na ya 1. Mi na so ni ya 5 na ya 3. Fa na la ni ya 6 na ya 5. So na ti ni ya 8 na ya 7. La na do ni ya 10 na ya 8. Utaona kuna maumbo mawili tu: vidole vinapishana kwa freti moja kwenye do, fa na so, na kwa freti mbili kwenye re, mi na la. Waimbaji wakinyamaza, shuka jozi tatu kutoka so na ti hadi mi na so, kisha umalizie kwenye do na mi wakati kwaya inaingia. Hakuna atakayecheka.

SWALI: Mwalimu, nimenunua gita la mtumba na ncha za vidole zinauma mno kila ninapopiga skeli. Je, nivumilie?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Uchungu kidogo wa wiki za mwanzo ni kawaida, ila kwanza likague gita lenyewe. Ikiwa nyuzi zimeinuka mbali na shingo, mpelekee fundi apunguze kimo chake, na ukibadilisha nyuzi za chuma, chagua seti nyembamba inayoanzia namba 10 badala ya 12. Ikiwa gita liliundwa kwa nyuzi za nailoni, usilifunge za chuma kamwe, kwani mvuto wake unaweza kung'oa daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gita. Bonyeza pia karibu kabisa na chuma cha freti, si katikati ya nafasi. Nguvu inayohitajika inapungua mara moja.

SWALI: Sina metronomu, kile kifaa cha kupimia mapigo, na simu yangu ni ya kitochi. Nitapimaje mapigo ya skeli?
Msomaji, Igoma

JIBU: Saa ya ukutani inayogonga kila sekunde inakupa mapigo 60 kwa dakika. Piga sauti moja kwa kila mlio wa saa, kisha mbili, kisha tatu, kisha nne, bila kuongeza nguvu ya mkono. Zikitulia, hesabu mlio wa saa kuwa pigo la pili na la nne, nawe ulijaze mwenyewe la kwanza na la tatu. Hapo utakuwa unapiga kwa mwendo wa 120.