Uhafidhina niliokutana nao kwenye mirathi

Ndugu uliyeuliza kama siasa za kihafidhina zina nguvu kweli juu ya sheria na haki, au ni maneno ya wanaharakati tu, nakujibu kwa niliyoyaona katika miaka tisa ya kazi ya usaidizi wa kisheria mkoani Kagera. Wengi huutafuta uhafidhina kwenye sheria mpya zilizo kali, ilhali mimi nimekutana nao zaidi kwenye sheria kuukuu ambazo mwanasiasa hathubutu kuzigusa.

Mjane mmoja alinijia na daftari la shule la mwanawe, ambamo aliandika idadi ya migomba aliyoipanda tangu aolewe. Mumewe alifariki bila kuacha wosia, na kikao cha ukoo kikaamua kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kiwe chini ya shemeji yake. Mzee aliyeongoza kikao hakuwa mkali hata kidogo, alimwambia, "Mama, hatukufukuzi, utatunzwa na wanao." Alidhani anamfariji, kumbe anarudia Tangazo la Sheria za Mila Na. 4 la mwaka 1963, yaani agizo la serikali lililoziandika mila kuwa sheria, ambalo humnyima mjane fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kusema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Mahakama si kwamba zimenyamaza. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililoanzia Muleba, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake sawasawa na mwanamume, akiegemea haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipolipinga Tangazo lenyewe, Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, ila ikasita kuzifuta, ikieleza kwamba halmashauri za wilaya ndizo zianzishe mabadiliko ya mila.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Nilimwuliza diwani mmoja kwa nini hoja hiyo haijawahi kufika kwenye baraza lao, akacheka na kuniambia kwamba wazee wa koo ndio wanaompa kura. Hakuitetea mila wala kuipinga. Aliiacha ilipo, na kuiacha ilipo kulitosha kumnyima mjane shamba.

Sidharau hoja ya wahafidhina kwamba ukoo umeokoa vibanja vingi visiishie kilabuni. Ni kweli umeokoa, ingawa vile viwili ninavyokumbuka vilivyouzwa hovyo viliuzwa na wanaume, na hakuna kikao kilichoitishwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo imepita njia hiyo hiyo: Mahakama ya Rufani iliafiki mwaka 2019 kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba, kisha miaka ikapita marekebisho yakingojewa.

Kesi ya yule mama hatukuijenga juu ya usawa, kwa sababu nilijua hoja hiyo ingemponza. Tulipeleka daftari. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliuliza maswali matatu, yote kuhusu migomba, akamteua kuwa msimamizi wa mirathi, na shamba likaandikwa kwa majina ya watoto wake.